Ravenna: nyumba ya ubatizo ya Waario, msiiruke jamani

Naanza na hukumu kabisa, maelezo yatafuata. Kama uko Italia au unakuja kutembea Italia, na wewe ni mtu ambaye kila Jumapili unasimama kanisani unasema "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba" bila kujua hayo maneno yalitoka kwenye ugomvi gani, panda treni uende Ravenna. Na ukifika Ravenna usiishie kwenye yale makanisa makubwa yanayojaa watu. Tafuta Battistero degli Ariani, yaani nyumba ya ubatizo ya Waario, Wakristo wa kale waliofuata mafundisho ya padre Ario (nitawaeleza mbele). Ni kijengo kidogo cha matofali chenye pembe nane, kimejificha kwenye kiuwanja katikati ya nyumba za watu, nje hakina urembo wowote, ukipita haraka huwezi kujua kwamba humo ndani kuna kitu. Mimi nakipa nyota tano bila kusita. Huduma ya yule aliyetutembeza naipa mbili, na nitasema kwanini.

Kwanza mambo ya safari. Kutoka Bologna ni treni ya kawaida tu, saa moja na kitu, stesheni ya Ravenna iko mjini hapohapo kwaiyo huhitaji teksi wala basi, kila kitu unakifikia kwa mguu isipokuwa kanisa la Classe ambalo liko nje ya mji. Kuna tiketi ya pamoja ya upande wa jimbo kuu, hiyo inakuingiza San Vitale, kaburi la Galla Placidia, nyumba ya ubatizo ya askofu Neon, makumbusho ya askofu mkuu na Sant'Apollinare Nuovo. Hapo ndipo wengi wanapopotea, kwasababu ya Waario haimo kwenye hiyo tiketi, iko chini ya serikali na ina kiingilio chake peke yake, sio pesa ya kukuumiza. Sasa mtu akishamaliza vile vitano kwenye tiketi anaona Ravenna kaimaliza, anaenda kula, anapanda treni anarudi. Wakati majengo yaliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1996 ni manane, na hiyo ya Waario ni mojawapo.

Sisi tulikuwa kundi la Waswahili mchanganyiko, Watanzania wengi, Mkongo mmoja, kuna Sista anayesoma huku, na kuna jamaa wa Mombasa ambaye ni Muislamu ila anapenda majengo ya kale kuliko sisi wote. Tukachanga tukamlipa mtembeza wageni. Huyo bwana (simtaji) alipofika zamu ya Waario akasema hiyo tuiache, ndani hamna kitu, kuta tupu, na hao watu walikuwa wazushi tu. Sista akamwambia kwa upole kabisa, "Kaka, sisi tumekuja kwa ajili ya hiyohiyo." Ndio tukaingia.

Na kweli kuta ni tupu. Marumaru zote zilishaondoka, urembo wa ukutani umekwisha, umebaki na matofali. Hata sakafu unayokanyaga sio ile ya zamani, mji wa Ravenna umekuwa ukititia kwenye ule udongo wake wa majimaji kwa karne na karne, sakafu ya kwanza iko zaidi ya mita mbili chini ya miguu yako. Kwahiyo unasimama juu ya pale walipokuwa wanabatizia. Alafu unainua macho.

Juu kwenye kuba kuna mozaiki, yaani picha ya vijiwe vya rangi, na imebaki karibu yote. Katikati kabisa Yesu anabatizwa. Yuko uchi, kijana, hana ndevu, maji ya Yordani yamemfika kiunoni na yamechorwa kwa mistari ambayo unaona mwili wake kupitia humo. Kulia kwake kama unavyotazama yuko Yohane amevaa ngozi yenye madoadoa, mkono uko kichwani kwa Yesu. Kushoto ameketi mzee mwenye nywele nyeupe, huyo ndio mto Yordani wenyewe umechorwa kama mtu, na kichwani ana makucha mekundu ya kaa, hiyo ni desturi ya kale ya wachoraji wa Kirumi na Kigiriki kuonyesha miungu ya maji, Wakristo waliichukua tu ikaendelea. Juu njiwa anashuka kichwa chini, kutoka mdomoni anamimina kitu, maji au mwanga, kinamshukia Yesu. Baba haonekani.

Kuizunguka hiyo picha kuna mitume 12 wanatembea kwenye dhahabu tupu, wametenganishwa na mitende, wamebeba mataji, Petro ana funguo, Paulo ana hati zake, wote wanaelekea kwenye kiti cha enzi ambacho hakuna aliyekikalia. Juu ya mto wa kukalia wa hicho kiti umesimama msalaba wenye vito na mikono yake imening'inizwa kitambaa cha zambarau. Tulikaa sana pale. Angalia majani chini ya miguu ya mitume, kijani chake hakifanani, kuna sehemu vijiwe ni vya rangi nyingine, wataalamu wanasema ni kwasababu kazi haikufanyika kwa mkupuo mmoja, ilichukua miaka. Ukishaambiwa hilo unaliona, kabla ya hapo huwezi.

Sasa ndipo swali linakuja. Hao Waario ni nani na kwanini walikuwa na nyumba yao ya ubatizo wakati mji ulikuwa na nyingine tayari?

Ntajitahidi kufupisha. Ario alikuwa padre Alexandria, Misri, asili yake inasemwa ni Libya. Kama mwaka 318 hivi akaanza kukwaruzana na askofu wake Aleksanda. Askofu anafundisha kwamba Mwana yuko na Baba tangu milele, Ario anasema hapana, kama Baba ni mmoja na hana chanzo basi Mwana lazima awe na chanzo, kulikuwa na kipindi ambapo hakuwepo, Mungu alimfanya kwa kutoka pasipo kitu. Na alikuwa fundi wa kueneza, alitunga mpaka nyimbo za kuimbwa na mabaharia na watu wa mashine za kusaga na wasafiri, mafundisho yakawa yanatembea mdomoni mwa watu wa kawaida. Kaisari Konstantino akaona ufalme wake aliouunganisha juzijuzi unapasuka, akaita maaskofu Nisea mwaka 325, pale ambapo leo ni mji wa İznik, Uturuki. Wakaandika kanuni ya imani, wakaingiza kwamba Mwana ana umungu mmoja na Baba. Waliokataa kabisa kusaini pamoja na Ario ni maaskofu wawili tu, Theonas na Secundus, wote wa Libya, wakafukuzwa naye.

Watu wengi wanadhani ikaishia hapo. Haikuishia, kulikuwa ni kuanza. Konstantino mwenyewe baada ya muda akamrudisha Ario kutoka uhamishoni, Ario akafa ghafla Constantinople mwaka 336 akiwa karibu kupokelewa tena kanisani, na mwaka uliofuata Konstantino alipokuwa anakufa aliyembatiza ni Eusebius wa Nicomedia, askofu aliyekuwa mtetezi mkubwa wa upande wa Ario. Mwanae Constantius II akaupendelea upande huo waziwazi. Atanasi, ambaye Nisea alienda kama shemasi tu wa kumsaidia askofu wake, akawa askofu wa Alexandria mwaka 328 na kwa msimamo wake akafukuzwa mara 5, jumla karibu miaka 17 nje ya jimbo lake, mara yuko Trier huko Ujerumani, mara amefichwa na wamonaki jangwani. Mwaka 359 maaskofu wa magharibi kama 400 waliitwa Rimini, ambayo kutoka Ravenna ni hapo tu kwa treni, wakazuiliwa wasiondoke mpaka wakasaini maneno mepesi kwamba Mwana anafanana na Baba. Mtakatifu Jerome akaandika kwamba dunia nzima iliguna ikashangaa kujikuta ni ya Kiario.

Na Afrika hatukuwa watazamaji, hili huwa nalisema kwa sauti kubwa. Frumentius, yule ambaye Waethiopia wanamwita Abba Salama, aliwekwa wakfu na Atanasi awe askofu wa Axum. Constantius akawaandikia watawala wa Axum barua, akiwemo Ezana, kwamba wamrudishe Frumentius Alexandria akahojiwe na askofu mpya wa Kiario aliyewekwa pale. Hiyo barua ipo mpaka leo, Atanasi mwenyewe aliinakili kwenye maandishi yake. Na Waethiopia waliendelea na imani ya Atanasi. Ugomvi wenyewe ulianzia Misri, waliofukuzwa ni Walibya, aliyesimama peke yake ni Mwafrika, lakini kwenye maelezo mengi ya kitalii utadhani ni jambo la Roma na Constantinople peke yake.

Mpaka sokoni lilifika. Askofu Gregory wa Nyssa anasimulia Constantinople ya miaka ya 380, ukitaka kubadilisha pesa mtu anakuhubiria kuhusu aliyezaliwa na asiyezaliwa, ukiuliza bei ya mkate unaambiwa Baba ni mkuu na Mwana yuko chini yake, ukiuliza kama maji ya kuoga yako tayari unajibiwa kwamba Mwana alitoka pasipo kitu. Mwaka 381 mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Constantinople chini ya kaisari Theodosius ukaithibitisha imani ya Nisea na kuongeza maneno kuhusu Roho Mtakatifu, na ndio hiyo Nasadiki ndefu tunayoisema.

Sasa Ravenna inaingiaje. Wakati upande wa Ario ukiwa na nguvu, Eusebius wa Nicomedia alimweka wakfu Ulfilas kuwa askofu wa Wagothi, kabila la Kijerumani. Ulfilas akawatafsiria Biblia kwa lugha yao, Wagothi wakawa Wakristo kwa imani hiyo, na hata baada ya Kiario kupigwa marufuku kwenye dola wao wakabaki nacho, wakakifanya chao. Zaidi ya miaka mia baadaye mfalme wa Wagothi, Theodoric, akaingia Italia, akamuua Odoacer, aliyekuwa akitawala Italia, kwa mkono wake mwenyewe karamuni mwaka 493, akatawala akiwa Ravenna mpaka alipofariki 526. Mji ukawa na Wakristo wa aina mbili. Askofu wao na askofu wetu. Kanisa kuu lao na kanisa kuu letu. Nyumba ya ubatizo yao na yetu. Lile kanisa linaloitwa leo Santo Spirito, hapohapo jirani na hiki kijengo, ndio lilikuwa kanisa kuu la Waario.

Ushauri wangu mkubwa wa hii riviu ndio huu: nenda zote mbili, na uende siku moja. Anza na ya Neon karibu na kanisa kuu, hiyo ya Wakatoliki, ilipambwa karne ya 5 kabla Theodoric hajafika. Hiyo ni tajiri, marumaru, urembo, rangi, mitume wanatembea kwenye bluu nzito na majina yao yameandikwa. Katikati ni ubatizo wa Yesu. Yohane, mzee Yordani, njiwa, maji mpaka kiunoni. Hapo kati palifanyiwa marekebisho sana karne ya 19 kwahiyo uso wa Yesu na ndevu zake usizitegemee. Alafu nenda ya Waario. Ni picha ileile. Waario wameiangalia ya Wakatoliki wakafanya ya kwao kwa mpangilio uleule, wamebadilisha vitu vichache, Yohane kahamia upande wa pili, mitume sasa wana kiti cha enzi cha kuelekea. Wapo wasomi wanaosema ule ujana wa Yesu na ule uchi ni theolojia ya Kiario, kuonyesha ni kiumbe. Mimi nimekaa chini ya kuba nikaangalia na sijashawishika, Yesu kijana asiye na ndevu alichorwa na Wakatoliki pia kila mahali zama hizo.

Jamaa wa Mombasa ndiye aliyeuliza swali ambalo najua wengi mnalo. "Ndugu yangu, sasa hawa walikuwa wanasema kama sisi? Kwamba Isa ni mtume?" Nikamwambia hapana kaka, na hapa naomba watu wa mihadhara, wa pande zote mbili, mnisikilize, kwasababu nimesikia Ario akitajwa kwenye viwanja vya Dar na Mombasa kana kwamba alikuwa anasema Yesu ni binadamu tu. Hakusema hivyo. Ario alifundisha Mwana alikuwepo kabla ya ulimwengu, na kwamba ulimwengu uliumbwa kupitia yeye, alimwita Mungu ila wa daraja la chini, kiumbe wa kwanza na wa juu kuliko vyote. Walibatiza kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu kama sisi. Walio karibu naye leo ni Mashahidi wa Yehova, nao pia hawalingani naye kwa kila kitu. Na wale ndugu zetu wa Yesu Pekee, wanaobatiza kwa jina la Yesu tu na kusema Baba na Mwana ni huyohuyo mmoja, hao ni upande wa pili kabisa, hao wanafanana na Sabellius, mwalimu wa zamani ambaye mafundisho yake Ario aliyapinga. Jamaa akatikisa kichwa akasema, "Basi hili ni zito kuliko navyolisikia." Ni zito kweli.

Ndio maana nimempa yule mtembeza wageni nyota mbili. Alipoona tunauliza sana akaanza kutuambia Nisea ndipo Biblia ilipochaguliwa kwa kura na ndipo Utatu ulipobuniwa na Konstantino. Yote mawili sio kweli. Kanuni za Nisea tunazo, hamna hata moja inayohusu orodha ya vitabu vya Biblia. Na Utatu, Tertullian wa Carthage, Mwafrika mwingine huyo, aliuandikia kwa jina hilohilo zaidi ya miaka 100 kabla ya Nisea. Kama unalipwa kwa kazi hii kwenye mji huu hayo ni mambo ya kwanza kabisa kuyajua. Nyota mbili ni za upole wake na kwa kutusubiri.

Baada ya hapo nenda Sant'Apollinare Nuovo, hii iko kwenye tiketi. Ilikuwa kanisa la ikulu ya Theodoric, alilijenga mwanzoni mwa karne ya 6. Watu wanainua macho kuangalia ule msafara mrefu wa mashahidi upande mmoja na wanawake watakatifu upande mwingine, na Mamajusi watatu na kofia zao nyekundu, ni pazuri mno, sikatai. Lakini wewe nenda mwanzoni kabisa mwa ukuta wa kulia, karibu na mlango, penye picha ya jengo lililoandikwa PALATIUM. Ni ikulu ya Theodoric. Kati ya nguzo kuna mapazia meupe yamefungwa vizuri. Sasa angalia nguzo zenyewe, polepole, moja moja. Kuna mkono. Kuna kiganja na vidole vimelala juu ya nguzo nyeupe na hakuna mwenye mkono. Nguzo nyingine tena, kipande cha mkono.

Pale palikuwa na watu, mfalme na watu wake wa ikulu. Jemadari Belisarius wa kaisari Justiniani aliichukua Ravenna mwaka 540, na kama mwaka 561 mali zote za Waario zikapewa Kanisa Katoliki, askofu Agnellus akaagiza mozaiki zisafishwe. Wakawang'oa watu kijiwe kwa kijiwe, wakaweka mapazia na dhahabu, lakini pale mikono ilipokuwa inapita juu ya nguzo wakaiacha. Ni kama ile picha ya harusi ambayo shemeji kakatwa baada ya ugomvi na mkono wake umebaki begani kwa bibi harusi. Na kanisa likapewa jina jipya la Mtakatifu Martin wa Tours, kwasababu alijulikana kwa kupinga wazushi, ndio maana anaongoza ule msafara wa mashahidi mpaka leo akiwa na joho la zambarau. Jina la Apollinare lilikuja baadaye, karne ya 9, mabaki ya mtakatifu yalipohamishwa kutoka Classe.

Kinachonigusa ni walichokiacha. Sehemu ya juu ya kuta kuna picha 26 za maisha ya Yesu, 13 kila upande, za wakati wa Theodoric, kazi ya Waario. Miujiza upande mmoja, Yesu hana ndevu. Mateso upande wa pili, ana ndevu. Agnellus hakuzigusa. Hakuona kitu cha kuondoa. Kitu pekee kilichomkera ni watu.

Mimi ni Mkatoliki, naamini Atanasi alikuwa sahihi na ningekuwepo ningesimama naye, sababu kama Mwana ni kiumbe basi aliyekufa msalabani sio Mungu aliyetufuata, ni mjumbe aliyetumwa, na hapo wokovu wote unabadilika. Hilo silifichi. Ila pale chini ya ile mikono nilisikitika. Theodoric alikuwa na mama Mkatoliki, Ereleuva. Aliwaandikia Wayahudi wa Genoa, barua iliyotungwa na Cassiodorus, mwandishi wake wa ikulu, kwamba hatuwezi kuamuru dini kwasababu hakuna anayelazimishwa kuamini asivyotaka. Mfalme wa karne ya 6 huyo! Tusimfanye malaika lakini, mwishoni alimuua mwanafalsafa Boethius kwa kesi ya uhaini, mtu aliyekuwa ameandika kijitabu kutetea Utatu, na Papa Yohane wa Kwanza aliporudi kutoka Constantinople alikotumwa kuwaombea Waario, Theodoric akamfunga na akafia humohumo Ravenna mwezi Mei 526. Na Waario wa Kivandali kule Afrika Kaskazini waliwatesa Wakatoliki vibaya sana, mfalme wao Huneric mwaka 484 hakuwa na huruma yoyote. Kila upande uliposhika upanga uliutumia.

San Vitale sitaieleza yote maana mtandaoni imejaa, kaisari Justiniani na mkewe Theodora kila mtu anapiga nao selfi. Ila mkishawaona hao angalieni ukuta wa kushoto wa sehemu ya altare, juu, kuna Abrahamu anawaletea chakula wageni watatu chini ya mti, na Sara amesimama mlangoni. Wageni wamevaa sawa, wana sura karibu sawa, wameketi meza moja, mbele yao mikate mitatu ya duara. Kanisa liliwekwa wakfu mwaka 547, miaka michache tu baada ya Wagothi kuondolewa mjini. Mababa wa Kanisa walishawaona wale wageni kama kivuli cha Utatu, kwahiyo kuwaweka pale juu ya altare, katika mji uliotoka kutawaliwa na Waario, halikuwa pambo tu. Sista alitueleza hapo vizuri kuliko mtembeza wageni siku nzima.

Kaburi la Theodoric liko nje kidogo ya katikati ya mji, paa lake ni jiwe moja, moja kabisa, la kutoka Istria, upana zaidi ya mita 10, uzito unakadiriwa zaidi ya tani 200. Ndani, chumba cha juu, kuna chombo kikubwa cha jiwe la zambarau kama beseni la kuogea ambamo inasemekana alilazwa. Kiko tupu, mifupa ilishatolewa. Ukiwa na watoto hapo ndio watafurahi kwasababu kuna nafasi ya kukimbia.

Mambo madogomadogo ya kujua. Nyumba ya Neon na kaburi la Galla Placidia wanaingiza watu kwa zamu na wanakutoa baada ya dakika chache, kwahiyo buku muda mapema. Kwa Waario hakukuwa na msukumo wowote tulipoenda, unakaa mpaka shingo iume. Beba miwani kama macho yako hayaoni mbali, au kioo kidogo cha mkononi, ukikishika usawa wa tumbo unaona kuba bila kuinua kichwa, Sista ndio alikuja nacho na wote tukakigombea. Chakula, kula piadina (mkate wao kama chapati) ya jibini na majani, bei rahisi na inashiba. Jamaa wa Mombasa aliuliza kila mahali kama kuna nguruwe na walimjibu vizuri bila kununa. Classe tuliiwahi kwa basi jioni, kanisa la mwaka 549, msalaba mkubwa wa vito kwenye anga la nyota, na usogee karibu maana kwenye makutano ya msalaba kuna kauso kadogo ka Kristo ambako wengi wanakapita.

Na kama mnakuja kundi la parokia au la usharika, maana najua safari hizi zimeongezeka tangu Nisea itimize miaka 1700 hapo 2025, mwambieni anayewatembeza tangu siku ya kulipa kwamba ya Waario lazima iwemo na mnataka nusu saa humo. Akiwaambia ndani hamna kitu, tafuteni mwingine.